Toyota na Asili ya Sifa Yake

Sifa ni kitu cha ajabu. Haishikiki mkononi, haipimwi kwa mizani, wala haiwezi kufungiwa sandukuni ikahifadhiwa. Walakini watu huinunua kila siku kwa fedha nyingi. Katika nchi yetu ya Kenya mtu anayetaka kununua motokaa huulizwa na nduguze swali moja kabla ya mengine yote: je, ni Toyota? Akijibu ndiyo, nyuso hukunjuka. Akijibu siyo, hutakiwa ajieleze kama mtu aliyeposa katika nyumba isiyojulikana. Mimi ni mwalimu wa shule, si fundi wa magari wala mfanya biashara, na kampuni hiyo hainidai wala mimi siidai. Lakini jambo linalosadikiwa na watu wengi namna hii pasipo kuhojiwa humwasha mwalimu. Nimesoma kiasi nilichoweza juu ya habari zake, na niliyoyakuta siyo niliyoyatazamia; maana sifa ya Toyota haikuanza katika motokaa hata kidogo. Ilianza katika nguo.

Mwaka 1867, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shizuoka nchini Japani, alizaliwa Sakichi Toyoda, mwana wa seremala. Siku zile wanawake wa vijijini walifuma nguo majumbani mwao kwa mitambo ya mbao iliyoendeshwa kwa mikono na miguu, na husimuliwa kwamba kijana huyo aliitazama taabu ya mama yake katika kazi hiyo akaazimia kuipunguza. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Useremala aliurithi kwa baba yake, na udadisi alijaliwa na Mungu. Mwaka 1891 alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake wa kwanza, mtambo wa mbao wa kufumia kwa mkono. Na mwaka 1896 alikamilisha mtambo ulioendeshwa kwa injini.

Hapa namwomba msomaji atulie kidogo, maana kiini cha habari hii yote ki katika uzi. Nguo hufumwa kwa nyuzi za namna mbili: mtande, ambao hunyoshwa kwa urefu, na mshindio, ambao hupitishwa katikati ya mtande huko na huko. Mtambo wa injini una nguvu na mbio, lakini hauna macho. Uzi mmoja ukikatika, mtambo huendelea kupiga kazi kwa bidii ile ile, ukifuma nguo yenye kasoro kwa urefu wa pima na pima, mpaka mtu autambue na kuusimamisha. Kwa hiyo ilikuwa lazima kila mtambo uwe na mlinzi wake, naye asimame mchana kutwa akiukodolea macho. Binadamu akawa mtumwa wa chombo alichokiunda kimtumikie. Sakichi aliufunza mtambo jambo ambalo wavumbuzi wengi hawakulifikiria kuwa ni maendeleo: aliufunza kusimama. Uzi ukikatika, mtambo ulisimama wenyewe. Kazi hiyo ilifikia ukamilifu wake mwaka 1924 katika mtambo ulioitwa G, alioutengeneza pamoja na mwanawe Kiichiro. Mtambo huo ulibadili kifaa cha mshindio pasipo kupunguza mwendo, ukasimama wenyewe palipo na kasoro, na mtu mmoja akaweza kuangalia makumi ya mitambo kwa wakati mmoja.

Mwaka 1926 ilianzishwa kampuni ya kutengeneza mitambo hiyo, na mwishoni mwa mwaka 1929 likafanywa patano ambalo hata leo hunichekesha kwa furaha. Kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, katika nchi iliyoufundisha ulimwengu kufuma nguo kwa mashine, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuutumia uvumbuzi wa mwana wa seremala wa Japani. Sakichi alikufa mwaka uliofuata. Kwa kawaida husemwa kuwa fedha hizo ndizo zilizotumika kuanza utafiti wa motokaa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tulikwisha kuijua Japani kwa nguo. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Japani vilijaa katika maduka ya nchi zetu, tena kwa bei iliyowashinda Waingereza katika makoloni yao wenyewe. Lakini jina la vitu vya Japani halikuwa jina jema siku hizo. Kitu cha Kijapani kilihesabiwa kuwa rahisi, na kitu rahisi kilihesabiwa kuwa hakidumu. Neno hilo yafaa likumbukwe na kila kijana wa leo adhaniaye kwamba mataifa huzaliwa na sifa zao kama chui na madoa yake.

Kiichiro alikuwa msomi wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Tokyo. Mwaka 1933 alifungua idara ya motokaa ndani ya kampuni ya mitambo ya nguo, akanunua gari la Chevrolet na kulifungua kipande kwa kipande ili ajue siri yake. Soko la Japani lilikuwa mikononi mwa Wamarekani: Ford alikuwa na kiwanda Yokohama tangu mwaka 1925, na General Motors walikuwa na chao Osaka tangu 1927. Mwaka 1935 Kiichiro alitoa lori lake la kwanza. Basi msomaji aliyezoea kusikia kwamba Toyota haiharibiki na asikie haya: malori yale yaliharibika. Yaliharibika mara nyingi, njiani, mbele za watu, na ilibidi kampuni iyauze kwanza karibu na nyumbani ili mafundi wake wayafikie upesi. Kila kilichovunjika kilitazamwa, kikaulizwa sababu yake, kikatengenezwa upya.

Jina nalo lilibadilika. Toyoda ni jina la ukoo, na maana yake ni shamba la mpunga lenye rutuba. Mwaka 1936 watu walialikwa kushindana kuunda alama ya kampuni, na mapendekezo yapatayo 27,000 yakapokewa. Likachaguliwa neno Toyota, ambalo kwa herufi za Kijapani huandikwa kwa mikwaju minane, na nane kwa Wajapani ni hesabu ya heri. Tarehe 28 Agosti 1937 kampuni ya motokaa iliandikishwa kwa jina hilo.

Vita vikaja, kiwanda kikatengeneza malori ya jeshi, vita vikaisha, na Japani ikabaki majivu. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufa. Wenye benki walikubali kuiokoa kwa masharti makali, na kampuni ikataka wafanyakazi 1,600 waondoke. Wafanyakazi wakagoma kwa muda wa miezi miwili hivi. Kiichiro, aliyekuwa amesema kwamba hatawafukuza watu wake, alijiuzulu mwezi wa Juni. Kabla mwezi huo haujaisha vita vya Korea vilizuka, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa maelfu. Kampuni ikapona kwa msiba wa majirani. Kiichiro mwenyewe alifariki mwaka 1952, asiione motokaa yake ikivuka bahari.

Mtu aliyeunganisha uzi wa baba na motokaa ya mwana hakuwa wa ukoo ule. Aliitwa Taiichi Ohno. Alianza kazi mwaka 1932 katika kiwanda cha nguo cha akina Toyoda, na mwaka 1943 akahamishwa kwenye motokaa. Alipofika huko aliona jambo ambalo pengine halingeonwa na mtu asiyetoka katika ufumaji: mashine za motokaa zilikuwa zikifanya kosa lile lile la mitambo ya zamani, zikiendelea kupiga kazi ilhali uzi umekatika. Katika viwanda vingine vya ulimwengu ilikuwa sheria kwamba mstari wa kazi usisimame kwa vyovyote, na gari lenye kasoro lisukumwe mbele likatengenezwe mwishoni. Ohno aligeuza sheria hiyo. Baada ya muda ikawekwa kamba juu ya mstari wa kazi, na mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akapewa idhini ya kuivuta aonapo kasoro. Akiivuta, taa huwaka, kiongozi wake huja mbio, na kasoro isipoondolewa mara moja, mstari husimama.

Hebu wazia maana yake. Mtu mdogo kuliko wote katika kiwanda ana uwezo wa kusimamisha kazi ya wakubwa wake wote, wala hakemewi. Nimefanya kazi katika shule kadha, na nakiri kwamba sijaona bado shule ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kusimamisha kitu chochote.

Tena Ohno alifundisha kwamba kasoro haiondolewi kwa kuifuta bali kwa kuiuliza "kwa nini" mara tano. Mfano wake mwenyewe ulikuwa hivi. Mashine imesimama, kwa nini? Kwa sababu fyuzi imeungua. Mtu mvivu atatia fyuzi nyingine na kwenda zake. Lakini fyuzi imeungua kwa nini? Kwa kuwa mashine ilielemewa, nayo ilielemewa kwa kuwa mafuta ya kulainisha hayakutosha. Hayakutosha kwa nini? Kwa kuwa pampu haivuti vizuri. Kwa nini haivuti? Kwa kuwa chuma chake kimelika. Nacho kimelika kwa kuwa hapakuwa na chujio la kuzuia takataka. Basi kumbe dawa ilikuwa chujio, wala siyo fyuzi. Mambo mengine ya Ohno, kama vile kuleta vipuri kwa saa ile ile vinapohitajika na kuviagiza kwa vijikadi, yameandikwa sana na watu wa biashara, nami nawaachia wao.

Hata kwa njia hizo sifa haikuja kwa mkupuo. Mwaka 1957 Toyota ilipeleka motokaa zake za Crown Marekani, nazo zikaaibika. Zilijengwa kwa barabara mbovu za Japani na mwendo wa polepole, zikashindwa na barabara kuu za Wamarekani. Mwaka 1958 ziliuzwa 287 tu, pamoja na Land Cruiser moja. Kampuni ikaziondoa, ikarudi nyumbani kuuliza kwa nini. Ile Land Cruiser ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1951 gari la kwanza la ukoo huo lilikuwa limepanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo motokaa haikuwa imewahi kufika. Mwaka 1966 ikatokea Corolla, motokaa ndogo ya mtu wa kawaida, na kufika mwaka 2021 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 50.

Huku kwetu Toyota haikuwa ya kwanza kupendwa. Wazee husifu Peugeot 404, na baada yake 504, kwa ustahimilivu wake katika vumbi na matope. Na katika mashindano ya Safari Mjapani wa kwanza kushinda alikuwa Datsun, mwaka 1970. Toyota ilishinda mara ya kwanza mwaka 1984, kwa mkono wa Björn Waldegård wa Uswidi, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiendesha Toyota Celica. Mashindano hayo yaliporudi katika mfululizo wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda tena. Na katika miaka ya 2022 na 2023 magari yake yalichukua nafasi zote nne za kwanza. Hata hivyo lugha ya watu ina ukaidi wake. Matatu ya watu 14 huitwa nissan na wengi wetu, hata ikiwa jina la Toyota limeandikwa kwa herufi kubwa nyuma yake. Sifa yaweza kumwendea mmoja na jina likamwendea mwingine.

Tena sifa humponyoka mwenyewe. Mwaka 1987 wapiganaji wa Chad, wakipanda magari ya wazi ya Toyota yaliyofungwa silaha, waliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru jangwani, na vita vile vikaitwa Vita vya Toyota. Kampuni ilitengeneza gari la mkulima; ulimwengu ukaona kwamba gari lisilosumbuliwa na mchanga humfaa pia mwenye bunduki.

Miaka mitatu iliyopita chama chetu cha akiba na mikopo kilikubali kunikopesha fedha za kununua motokaa. Kwa mwalimu, mkopo kama huo ni miaka minne ya kukatwa mshahara; si jambo la mchezo. Magari mengi tununuayo yametumika kwanza Japani, ambako huendeshwa upande ule ule wa barabara kama sisi, na sheria yetu huruhusu yasiyozidi umri wa miaka minane. Nilikwenda na fundi wangu katika yadi moja mjini. Muuzaji alituonyesha Probox nyeupe ing'aayo, na mita yake ilisema imekwenda kilomita 62,000. Fundi hakuitazama mita. Aliinama akatazama mpira wa kanyagio la breki, akapapasa ukingo wa kiti cha dereva, akashika usukani mahali mikono ikaapo.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ndogo, "mita hii imerudishwa nyuma. Mpira huu umekanyagwa miaka mingi."

Nilipomwuliza muuzaji juu ya jambo hilo alicheka. "Toyota haiulizwi maswali, Mwalimu," alisema. "Jina latosha."

Tuliagana naye kwa adabu, na baada ya mwezi nikanunua gari jingine kwa mtu mwingine, baada ya fundi kulilalia chini asubuhi nzima. Lakini neno la yule muuzaji sikulisahau. Kampuni iliyojenga jina lake kwa kuuliza maswali matano imekuwa, midomoni mwa wachuuzi, sababu ya kutouliza hata moja. Na aumiaye ni mnunuzi mwenye kipato kidogo, ambaye hana fedha ya kukosea mara mbili.

Pengine ugonjwa huo uliipata hata kampuni yenyewe. Mwaka 2008 Toyota iliipita General Motors ikawa ya kwanza duniani kwa wingi wa magari yaliyouzwa. Tarehe 28 Agosti 2009, siku kampuni ilipotimiza miaka 72, watu wanne wa jamaa moja waliangamia karibu na San Diego, Marekani, katika Lexus, ambayo ni kazi ya Toyota. Mkeka wa sakafuni ulikuwa umelinasa kanyagio la mafuta, na gari likakataa kupunguza mwendo. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe kutengenezwa, mengine kwa ajili ya mikeka, mengine kwa ajili ya makanyagio yaliyokwama. Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro na mkuu wa kampuni, aliketi mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi, akasema kwamba kampuni ilikuwa imekua kwa haraka kuliko ilivyowakuza watu wake. Mwaka 2014 ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwa iliwapotosha wanunuzi juu ya kasoro hizo. Kasoro ni jambo la kila chombo. Lililonisikitisha ni kwamba uzi ulikatika, ukaonwa, na mtambo ukaachwa uendelee.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi, ingawa hayakuua mtu. Mwaka 2022 kampuni ya malori ya Hino, iliyokuwa chini ya Toyota, ilikiri kwamba ilidanganya katika vipimo vya moshi kwa karibu miaka 20. Desemba 2023 Daihatsu, mali ya Toyota, ilionekana kuwa imefanya hila katika majaribio ya usalama ya magari ya aina 64. Na Januari 2024 ikaja zamu ya kampuni iitwayo Toyota Industries, iliyotumia hila katika majaribio ya nguvu za injini tatu za dizeli, zikiwamo za Land Cruiser, Hilux na Hiace. Kampuni hiyo ndiyo ile iliyoanzishwa na Sakichi mwaka 1926 kwa ajili ya kuunda mitambo ya kufuma.

Niliwasomea habari hizo wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Mmoja alisema kwamba basi Toyota imekwisha. Mwingine, ambaye baba yake huendesha Hiace ya matatu, alisimama kwa hasira kidogo akasema kwamba baba yake ameondoka nayo saa kumi na moja alfajiri na jioni atarudi nayo, kama alivyofanya kwa miaka tisa. Nilimweleza kwamba gari la baba yake ni la zamani na injini yake si mojawapo ya zile tatu, na kwamba hata wenye hizo tatu hawakuambiwa waache kuziendesha, maana nguvu zake zilionekana kutimiza kiasi kilichotakiwa. Uongo ulikuwa katika majaribio.

"Basi kwa nini wadanganye, na gari ni zima?" aliuliza.

Niliandika swali lake ubaoni. Kwa habari ya Daihatsu, waliochunguza walijibu kwamba muda wa kuunda gari jipya ulikuwa umefupishwa mno, na jaribio likishindwa hapakuwa na nafasi ya kulirudia. Kwa nini muda ulifupishwa? Kwa sababu kutoa magari upesi kulikuwa ndiyo sifa ya kampuni, na kila gari lililofuata lilitakiwa litoke upesi vile vile. Na kwa nini hakuna aliyewaambia wakubwa kwamba haiwezekani? Darasa lilinyamaza, kisha mikono ikaanza kunyoshwa, mingi kuliko nilivyozoea kuiona katika kipindi cha mwisho cha siku ya Ijumaa.